Jezi ya Kipindi cha Pili

Nilifua jezi za timu yetu miaka ishirini na miwili, na ninasema mbele ya yeyote anayetaka kubisha: hakuna aliyewajua wachezaji wale kuliko mimi. Niliwajua kwa uchafu wao. Ungeniletea nguo kumi na moja bila namba, ningekupangia kikosi kizima hapohapo kwenye karai. Kipa wetu alikuwa na udongo kwenye nyonga zote mbili. Beki wa kushoto, yule anayesifiwa mpaka leo kwa mapafu yake, jezi yake ilirudi kavu kama ilivyotoka, na mwenye masikio alinisikia wakati ule nikisema huyu anakwenda uwanjani kutembea. Na Kisigino, mshambuliaji wetu, alichafuka ubavu wa kulia tu, kuanzia kwapani mpaka gotini, kwa sababu akishapiga mpira kwa mguu wa kushoto alikuwa anaangukia upande huo wa kulia kila siku. Nilimwambia, "Baba, siku moja angukia na upande wa pili, uipumzishe mikono yangu." Akanijibu, "Mama Sabuni, nikiangukia huko goli haliingii."

Mama Sabuni ndilo jina langu, mtaani na uwanjani. Walionipa kwa kejeli wameshazeeka, na mimi bado naitika.

Sasa Kisigino amekufa. Jumatatu alilala na homa, Ijumaa hatunaye, na umri wenyewe miaka hamsini na saba. Nilikwenda mazikoni nikalia mpaka wifi yangu akanishika kiuno. Mtu aliyetufungia magoli mia moja na kumi na nne, akazikataa timu mbili kubwa zilizokuja kumchukua, akabaki anaishi chumba na sebule nyuma ya stendi ya mizigo akifundisha watoto wa shule kupiga kona! Mtu kama huyo akiondoka, hata asiyejua mpira ni mraba au mviringo anaona pengo.

Tawi letu la mashabiki likapanga kumkumbuka Jumamosi, kabla ya mechi ya kwanza ya nyumbani. Mimi ni mjumbe. Ofisi ya tawi ni chumba kimoja chenye viti vya plastiki, picha za vikosi ukutani, na feni inayozunguka ikijisikia. Alhamisi mchana tukakaa. Alikuwepo katibu, ambaye ni fundi simu na haachani na kompyuta yake. Alikuwepo Bucha, mwenye duka la nyama pale kona, mtu wa umri wangu. Nilikuwepo mimi, na wajumbe wengine wanne ambao kazi yao ni kuitikia.

Ajenda ilikuwa zawadi ya binti wa Kisigino. Marehemu aligawa kila kitu. Medali alimpa jirani aliyekuwa mgonjwa, njumu alizigawa kwa wanafunzi wake, na binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu, hana hata soksi moja ya baba yake ya uwanjani. Ndipo Bucha akasema atatoa jezi.

Jezi yenyewe kila mtu anaijua. Siku ya fainali, miaka ishirini na sita iliyopita, Kisigino alifunga goli la ubingwa dakika ya themanini na nane, na filimbi ya mwisho ilipolia akavua jezi akaitupa jukwaani. Bucha aliidaka. Ameitundika dukani kwake tangu siku hiyo, juu ya mizani, ndani ya mfuko wa nailoni ili isirukiwe na mafuta. Watoto wake wamekua wakiiangalia. Na sasa alikuwa ameileta ofisini imekunjwa kwenye karatasi safi, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Katibu akaikunjua. Akaigeuza mgongo. Akaisogeza karibu na kompyuta.

"Mzee wangu," akasema, "usinielewe vibaya. Lakini hii ni feki."

"Ala!" Bucha akasimama. "Feki nini?"

"Tazama. Nina picha ya gazeti ya fainali ileile, dakika ya kumi. Namba tisa ya Kisigino iko katikati ya mgongo. Yako imekaa kulia. Tisa yake mkia umenyooka, yako mkia umepinda. Halafu uzi. Nani anashona namba nyeupe kwa uzi mweusi? Hata fundi wa vyandarua hafanyi hivyo."

"Aliivua mwenyewe! Alinirushia mimi, nilikuwa mstari wa mbele!"

"Labda ilitoka kwa mtu mwingine. Watu walikuwa wamejaa uwanjani."

"Au siku ile ulikuwa umevaa miwani, Bucha," akadakia mjumbe mmoja, akimaanisha pombe, na wenzake wakaangua kicheko.

Bucha hakucheka. Akanigeukia mimi. "Mama Sabuni, wewe ndiye mwenye jezi zote za miaka ile. Waambie."

Wote wakanitazama. Sikuhitaji hata kuishika. Ile kazi ya uzi mweusi ningeitambua nikiwa nimesimama ng'ambo ya barabara. Na mimi, ambaye katika maisha yangu sijawahi kuulizwa swali nikakosa jibu, mimi niliyemwambia mwenyekiti wa timu usoni kwamba suruali yake inahitaji maji kuliko sifa, nikasema, "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Uongo mtupu. Natunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza.

"Basi imekwisha," katibu akasema. "Tutachapisha jezi mpya, tuiweke kwenye fremu. Bucha, asante kwa moyo wako." Halafu akatusomea hotuba aliyoiandaa. Ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Ilitaja magoli, ilitaja unyenyekevu wake kwa watoto. Ikafika mahali ikasema: "Na kama kila binadamu, alikuwa na upungufu wake. Kiburi alichotuonyesha mapumziko ya ile fainali, leo tunamsamehe."

Wajumbe wakaitikia. Tunamsamehe! Damu ilinichemka mpaka kwenye vidole vya miguu, lakini mdomo ukabaki umefungwa kama chupa.

Nieleze, maana wengine mlikuwa hamjazaliwa. Siku ile ya fainali, kipindi cha pili kilianza Kisigino hayupo. Timu ilitoka na watu kumi. Refa akapuliza, mpira ukaanza, na Kisigino, aliyekuwa nahodha wetu, akaja dakika mbili baadaye akikimbia peke yake kutoka vyumbani. Akacheza, akafunga, tukachukua kombe. Wiki tatu baadaye kocha akamvua kitambaa cha unahodha bila kumweleza mtu yeyote sababu. Kocha yule alikuwa hivyo, maneno kwake yalikuwa ghali. Basi mashabiki wakajitafutia sababu wenyewe: Kisigino aligoma. Aligoma katikati ya fainali, alikaa chumbani akitaka abembelezwe kwanza. Nani aliyelitunga hilo sijui, lakini lilivyoenea, ungesema limetangazwa redioni. Watani wetu wa upande wa pili wakamwita Mgomo. Kila akigusa mpira walikuwa wanaimba, "Mgomo! Mgomo!" Na watu wetu walimpenda, tena sana, lakini waliongeza kamkia: fundi alikuwa fundi, ila kiburi.

Hakugoma. Mimi ninajua kwa sababu nilikuwa naye ndani ya chumba cha mipira dakika zile zote, na sindano mkononi.

Dakika ya arobaini beki mmoja alimpiga kiwiko cha pua. Damu ilimwagika kifuani, na wakati wa mapumziko refa akasema harudi uwanjani na jezi ile. Sawa. Kila jezi ilikuwa na pacha wake, na kazi yangu ilikuwa kubeba mapacha wote kwenye begi. Nikafungua begi. Nikakuta namba saba, namba nane, namba kumi. Tisa haipo.

Nilijua hapohapo iko wapi. Iko nyumbani kwangu, kwenye kamba. Nilikuwa nimeifua mara ya pili alfajiri ile kwa sababu niliona doa la mafuta ambalo hakuna mtu mwingine angeliona, nikaianika, nikasema nitaichukua nikitoka. Nikatoka. Miaka ishirini na miwili, nasema kwa kila anayetaka kusikia, sikuwahi kusahau hata soksi, na huwa nalisema kwa kifua mbele. Basi nilisahau mara moja, na siku yenyewe ikawa fainali.

Na kocha alikuwa ameshatangaza mbele ya wote mwanzo wa msimu: atakayepoteza au kusahau kifaa cha timu siku ya mechi, awe nani, anakwenda nyumbani. Wakati ule nilikuwa mjane wa miezi mitano mwenye watoto watatu. Ningemwaga unga, na hapakuwa na unga mwingine.

Kisigino aliniona nimepiga magoti mbele ya begi. Akanivuta mpaka chumba cha mipira, akafunga mlango. "Kuna nini?" Nikamwambia. Akatazama ndani ya begi, akatoa jezi ya namba kumi na sita, ya kijana aliyevunjika mguu na alikuwa amelala kwao. "Hii huwezi kuigeuza?"

Nilikuwa na wembe, sindano, na uzi mweusi wa kufungia mifuko ya viatu. Nikaifumua moja, nikaitupa. Nikaifumua sita, nikaipindua miguu juu, ikawa tisa. Nikaishona palepale ilipokuwa, upande wa kulia, ili ifunike alama yake, maana sikuwa na muda wa kuhama nayo. Kisigino alisimama kifua wazi, pamba puani, akinishikia kitambaa kikae sawa kwenye mwanga mdogo wa dirishani, na alikuwa ananichekesha. "Shona taratibu," akasema, "ikidondoka nitaonekana nacheza bila cheo." Filimbi ikalia. Nilikuwa bado na upande mmoja.

Mlango ukafunguka, kocha. "Nini hiki? Iko wapi jezi yako ya akiba? Nani ameisahau?"

Nilifungua mdomo. Kisigino akaniwahi. "Mimi, kocha. Niliichukua juzi nikawaonyeshe watu nyumbani, nikaisahau huko. Huyu mama ananisaidia tu."

Kocha akatazama saa yake. "Tutaongea," akasema. Na waliongea, na mnajua walichoamua.

Sasa mtaniuliza: Mama Sabuni, mdomo wako wote huo, kwa nini hukusema? Mwaka wa kwanza niliogopa kazi. Mwaka wa pili niliona haya kwa sababu ya mwaka wa kwanza. Baadaye kocha akafariki, hapakuwa na wa kunifukuza tena, nikamfuata Kisigino nikamwambia nakwenda kusema. Alikuwa anapanga koni zake za mazoezi. "Achana nayo," akanijibu. "Goli liliingia. Ukisema sasa watakuchamba wewe, na mimi nimeshazoea." Nikaipokea ruhusa ile kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani nimetulia, na huo utulivu ndio unaonikera kuliko yote.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Bucha. Nilikuta ukuta wa juu ya mizani uko mtupu. Jezi alikuwa ameikunja chini ya kaunta, karibu na matambara. Alikuwa anakata mifupa kwa nguvu isiyohitajika.

"Unataka kilo ngapi?" akaniuliza bila kuniangalia.

"Sitaki nyama. Weka panga chini."

"Nimedanganyika miaka ishirini na sita, shemeji." Huwa ananiita shemeji kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. "Nimewasimulia wateja, nimewasimulia wakwe zangu. Nilipoumwa mwaka ule nikalazwa, nilimwambia mwanangu aniletee ile jezi hospitali. Kumbe nalalia tambara la mtu nisiyemjua."

"Ni yake," nikasema. "Na aliyeishona ni mimi."

Nikamsimulia yote, nimesimama, mteja mmoja alipokuja nikamwambia arudi baadaye. Bucha alisikiliza mdomo wazi. Nilipomaliza akainama, akaitoa jezi, akaigeuza, akatafuta kwa kidole kushoto kwa ile tisa mpaka akavipata: vitundu vya sindano vimejipanga wima, pale moja ilipokuwa. Weee! Mzee wa miaka sitini na tatu akaruka juu na aproni yake ya damu.

"Ni ya kweli! Ni ya goli lenyewe! Katibu atanitambua! Mpuuzi yule, na kompyuta yake!"

Alizunguka kaunta mara mbili. Halafu akasimama. Nikaona wazo la pili likimfikia.

"Kwa hiyo hakugoma."

"Hakugoma."

"Na mimi nimesema," akaendelea polepole. "Nimesema hapa hapa dukani, chini ya jezi yake. Nimesema alikuwa fundi, ila kiburi." Akaketi kwenye kigoda. "Shemeji, tumemla mtu huyu akiwa hai."

"Nyinyi mlimla. Mimi niliwapikia."

Akaniuliza, "Utasema kesho?"

"Nitasema."

"Mbele ya uwanja wote? Watu wale hawana adabu, unawajua."

"Ninawajua. Nimewafulia bendera zao."

Usinione jasiri. Usiku ule nililala vizuri, nakiri, kwa sababu jambo likishaamuliwa mimi hulala. Lakini asubuhi nilipiga pasi gauni lilelile mara tatu.

Jumamosi uwanja ulijaa mapema. Vipaza sauti vya uwanjani vilikuwa vimeharibika tangu msimu uliopita, kwa hiyo katibu alikuwa na kile cha mkononi, cha kushika kama faneli. Timu zote mbili zilijipanga katikati. Wageni walikuwa haohao watani wetu. Binti wa Kisigino alisimama kando ya katibu, amevaa nguo nyeusi, mrefu kama baba yake, mikono nyuma kama mtu anayesimamia mtihani. Mbele yao kwenye meza kulikuwa na ile jezi mpya ndani ya fremu, inang'aa. Mimi na Bucha tulikaa viti vya wajumbe, na Bucha alikuwa na furushi mapajani.

Katibu akaanza kusoma. Magoli, unyenyekevu, watoto. Watu walipiga makofi, wengine walilia waziwazi, na mimi nililia pia. Akafika. "Na kama kila binadamu, alikuwa na upungufu wake..."

Nikainuka. Magoti yangu si mazuri, lakini siku ile yalinitii. Nikafika nikamshika mkono. "Mwanangu, ishia hapo. Nipe hicho."

"Mama, bado sijamaliza."

"Umemaliza. Nipe."

Nadhani alikumbuka ninamjua tangu akiwa anakojoa kitandani. Akanipa.

"Mimi ni Mama Sabuni!" nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka jukwaa kuu ikiwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Watu wakashangilia, wakidhani nakuja kuimba. "Mlimwita Kisigino mwenye kiburi. Mlisema aligoma kwenye fainali. Hakugoma! Jezi yake ya akiba niliisahau mimi nyumbani, kwenye kamba, na alichelewa kwa sababu nilikuwa namshonea nyingine. Kocha alipouliza akasema ameisahau yeye, ili mimi nisifukuzwe kazi. Kitambaa cha unahodha alivuliwa kwa kosa langu. Nami nilinyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na sita."

Bucha alikuwa ameshafika na furushi, akalifungua, akamkabidhi binti ile jezi. Nikamwonyesha pale pale: mkia uliopinda, uzi mweusi, safu ya vitundu. Nikamweleza jinsi sita inavyokaa kichwa chini. Yeye ni mtu wa hesabu. Alivihesabu vile vitundu kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka mwisho.

Halafu akainua macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, labda na kukumbatiwa. Hakuna.

"Shuleni waliniita binti Mgomo," akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Mama yangu kila walipogombana alikuwa anamtupia neno hilo usoni. Amekufa akiliamini. Juzi mazikoni kuna mtu alilinong'ona nyuma yangu, nilimsikia. Na wewe ulikuwepo, unalia."

"Nilikuwepo," nikasema.

"Ungeweza kusema."

"Ningeweza. Kila siku ningeweza. Sina cha kujitetea, mwanangu. Baba yako alinifanyia wema, nami nikaufanya wema ule kuwa mahali pa kujificha."

Katibu alijaribu kuingilia, akasema kwa sauti ya chini kwamba refa anasubiri, kwamba labda familia na wajumbe wangeendelea na mazungumzo haya ofisini. Refa naye akasogea, anagonga saa yake kwa kidole. Kutoka jukwaa kuu watu walikuwa wameanza kunung'unika, wengine wakinizomea, na mmoja akapaza sauti kuniita jina ambalo sitalirudia hapa. Nilisimama nikayapokea yote. Yalikuwa halali yangu.

Binti akageuka akautazama uwanja, jukwaa baada ya jukwaa.

"Wale wa upande ule," akaniuliza, akionyesha nyuma ya goli la kaskazini, "wamekusikia?"

"Sidhani. Kitu hiki hakifiki mbali."

"Na wale wa jua?"

"Wale pia hapana."

"Na wale?" Alikuwa anaonyesha jukwaa la wageni, waliokuwa wanapeperusha bendera zao, hawaelewi kinachoendelea.

"Wale hawajasikia kitu."

"Basi rudia."

Refa akasema, "Dada, samahani, tumeshachelewa dakika nne."

"Baba yangu alichelewa dakika mbili," akamjibu, bila kupandisha sauti, "tukazilipia miaka ishirini na sita. Wewe utasubiri."

Na refa, sijui ni sauti ile ya mwalimu, alirudi nyuma akaweka mikono mgongoni. Binti akaivaa ile jezi juu ya nguo yake nyeusi. Bucha alishtuka. Binti akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa upole, si kwa ukali, kama unavyomshika mtu mnayevuka naye barabara.

Tukaenda nyuma ya goli la kaskazini, nikasema yote tangu mwanzo. Walinizomea, halafu wakanyamaza, halafu wakaanza kuliimba jina lake, Kisigino, polepole. Tukaenda upande wa jua, nikasema yote, na mzee mmoja akavua kofia akajifunika nayo uso. Kila mahali binti alisubiri nimalize, akageuka akawaonyesha mgongo ili waone ile tisa iliyokaa upande. Miguu iliniuma na koo lilikuwa limekauka. Sikupumzika, na yeye hakuniambia nipumzike.

Lilibaki jukwaa la wageni. Tulipolikaribia, wakamwona amevaa jezi yetu, na kwa mazoea yao wakaanza: "Mgomo! Mgomo!" Wengi wao walikuwa hawajazaliwa siku ya fainali ile, wamerithi tu. Nilihisi vidole vyake vikibana mkono wangu. Nikamtazama. Alikuwa anawatazama wao.

"Hawa wanajua kuimba," akasema. "Sema kwa nguvu zaidi."

Nikasogea mpaka kwenye uzio, nikasubiri mpaka mmoja wao aliyekuwa mbele akawapungia wenzake wanyamaze. Nikainua kipaza sauti.

"Mimi ni Mama Sabuni," nikasema. "Jezi ile niliisahau mimi."